Daftari la Lindo

Mtaani kwetu Temeke, nyuma ya soko la Tandika, ulinzi ulianza kwa ugomvi wa taa. Nyumba za kwetu zina wapangaji sita, saba, hata wanane chini ya paa moja, na mita ya LUKU ni moja. Nani anunue umeme wa kuwamulikia wapita njia? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na kwa kuwa majibu hayakukutana, taa za nje zilizimwa. Ikifika saa nne usiku uchochoro mzima ni giza, na vibaka waliijua saa hiyo. Simu zilivutwa madirishani kwa vijiti vyenye ndoano. Mitungi ya gesi ilibebwa vibarazani, nguo zikaanuliwa na wasiozifua. Mwishowe mama mmoja muuza mboga, anayewahi soko la Stereo saa kumi alfajiri, akapigwa roba na kuporwa mtaji wake wote.

Ilikuwa 2022, mwaka ule magenge ya panya road yalipokuwa yakivamia nyumba za watu kwa mapanga, na viongozi wa mkoa wa Dar es Salaam wakihimiza kila mtaa ufufue ulinzi shirikishi. Mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano wa hadhara. Vijana walijitokeza wengi, wazee wachache. Alipoulizwa nani awe katibu wa kamati ya ulinzi, watu wakanigeukia mimi, kwa sababu ni mwalimu wa shule ya msingi na watoto wao wamepita mikononi mwangu. Nilikubali. Lakini nilikuwa na hofu ambayo sikuisema pale mkutanoni, na hofu hiyo niliitoa nyumbani Kahama.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama sungusungu walipoanza. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini bunduki zilizokuwa vitani zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa wezi wa ng'ombe. Polisi walikuwa mbali, na mwenye mifugo aliyefunga safari kwenda kushtaki mara nyingi alirudi hana ng'ombe na hana nauli. Basi kati ya 1981 na 1982 wanavijiji wa Kahama, Shinyanga na Tabora wakajiunga wenyewe. Walijiita Basalama. Kila kijiji kikawa na mtemi wake wa ulinzi, katibu na makamanda. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Kukitokea wizi hupigwa mwano, ule ukelele ambao hata sasa nikiukumbuka mwili unasisimka, na kila mwanamume aliyeusikia lazima atoke. Asiyetoka anatozwa faini. Kijiji cha pili kinaupokea na kuupeleka cha tatu. Nyayo za ng'ombe hufuatwa, na kijiji ambacho nyayo zimeingia lazima kioneshe zilikotokea. Kikishindwa, mzigo ni wake.

Na ng'ombe walirudi. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaozungumzia sungusungu kana kwamba walikuwa wahuni wenye mishale tu. Mimi nilimwona baba yangu akilala usingizi baada ya miaka ya kukesha mlangoni mwa zizi. Maofisa wengi wa serikali hawakuwapenda, wakiona mamlaka mengine yanaota nje ya ofisi zao, lakini Mwalimu Nyerere na chama walisimama upande wa wanavijiji. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili sungusungu nao wawe na uwezo wa kukamata.

Lakini mkutano uleule wa sungusungu uliowahukumu wezi uliwahukumu na wachawi. Jirani yetu mmoja alikuwa bibi mjane, macho yake mekundu kwa miaka mingi ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe. Macho hayo yakawa ushahidi. Hakupigwa. Alitengwa tu: asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, na atakayemsaidia atengwe naye. Yeyote aliyekulia kijijini anajua kwamba hiyo ni adhabu ya kifo inayotekelezwa polepole. Bibi aliondoka asubuhi moja na tenga lake la kuku, na sisi watoto tulikatazwa kumwambia kwaheri. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza baba ni nani aliyemshtaki yule bibi. Baba alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akanijibu, "Watu."

Hakuwa ananificha kitu. Hapakuwa na jina la kutaja. Hakuna aliyeandika nani alisema nini, kwa ushahidi gani, na mwenyewe alijibu nini. Jibu la baba ndilo nililokwenda nalo kwenye ile kamati ya Temeke.

Kabla hatujanunua filimbi hata moja niliomba tupate daftari kubwa la kaunta, lenye mistari na jalada gumu. Humo iandikwe kila usiku nani yuko zamu, ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, nani amesimamishwa njiani na kwa sababu gani, na kama amekamatwa, amekabidhiwa kwa askari yupi. Mlinzi atie saini. Vijana walicheka, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa tutamkimbiza mwizi na kalamu?" Aliyeniokoa ni mzee tuliyezoea kumwita Mzee wa Reli, mstaafu wa TAZARA, aliyechaguliwa kuwa kamanda wa doria. Alisimama taratibu akasema, "Wanangu, mimi nimefanya kazi ya treni. Treni ikipata ajali, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni daftari. Mwalimu yuko sawa." Hoja ikapita.

Hoja ya pili nusura ivunje kamati. Mjumbe wa nyumba kumi alitaka michango ikusanywe kupitia kwake, kama zamani. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi uliwekwa na TANU miaka ya 1960, nchi ikiwa inaelekea kwenye chama kimoja, na siku zile mjumbe alikuwa wa kila mtu: ndiye aliyejua mgeni gani amelala nyumba gani. Wakenya walipoanzisha Nyumba Kumi yao baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, mfano walikuwa nao hapa jirani. Lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, mjumbe wetu amebaki kiongozi wa shina la CCM. Mpangaji wa chama kingine anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini usalama wa watoto wake upite mkononi mwa chama asichokipigia kura. Tulibishana hadi adhana ya isha. Tulichokubaliana ni kwamba vikao vitafanyika uwanja wa shule, fedha atazishika mweka hazina aliyechaguliwa na mkutano, na mapato na matumizi yatabandikwa kila mwezi kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Mjumbe alinuna kidogo, kisha akawa mwanakamati mwema sana, kwa sababu kweli alimjua kila mtu.

Mchango ulikuwa shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi. Zilinunua tochi, betri, makoti ya mvua, na chai ya walinzi. Wenye mageti walilipa bila maneno, hata zaidi ya kiwango, lakini hawakutoka zamu. Jambo hili liliniuma na linaniuma bado. Katika kila mtaa wa jiji hili anayetembea usiku kulinda televisheni ya tajiri ni kijana ambaye yeye mwenyewe hana cha kuibiwa. Nililisema mkutanoni. Wawili kati ya wenye mageti wakaanza kutoka, na mmoja wao, daktari wa meno, mpaka leo hakosi zamu yake ya Jumamosi.

Kuhusu taa tuliamua kwamba mtaa ununue balbu, na kila mwenye nyumba amkatie mpangaji anayelipa LUKU kiasi kidogo katika kodi. Usiku zilipowashwa zote kwa mara ya kwanza watoto walicheza rede hadi saa nne. Naamini taa zilipunguza wizi kuliko marungu. Na kazi iliyopendwa kuliko zote haikuwa ya kukamata wezi. Ilikuwa kuwasindikiza kina mama hadi kituo cha daladala saa kumi alfajiri, waendao Stereo na Feri, na siku nyingine kumkimbiza mjamzito hospitali ya Temeke. Kina mama wale ndio waliolipa mchango kwa wakati hata mwezi ulipokuwa mgumu.

Sasa nieleze usiku wa mtungi.

Ilikuwa karibu na saa tisa. Walinzi walimkuta kijana uchochoroni na mtungi mkubwa wa gesi begani. Alipoulizwa akautupa na kukimbia, akateleza kwenye mfereji, wakamdaka. Kosa lilikuwa ni ukelele. Mmoja wa walinzi, kwa mazoea, akapiga kelele: "Mwizi!" Aliyeishi Dar es Salaam anajua neno hilo likitamkwa usiku linafanya nini. Milango ilifunguka kote. Walitoka watu ambao sikuwahi kuwaona kwenye mkutano hata mmoja, na wengi hawakuwa wa mtaa wetu. Mawe yakaokotwa. Nilipofika na kanga zangu mbili na daftari kwapani, kulikuwa na mtu anavingirisha tairi la bodaboda kutoka kwa fundi, na mwingine anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani ana petroli.

Mzee wa Reli alikuwa amefanya jambo ambalo tulilifanyia mazoezi. Alimkalisha kijana chini, na walinzi wakamzunguka wakiwa wamempa mgongo, nyuso zao zikiutazama umati. Mlinzi anayemtazama mwizi naye huingiwa na hasira, lakini anayeutazama umati anajua kazi yake ni ipi. Kijana alikuwa amejishika kichwa, anatetemeka, shati limeraruka. Nilimtambua. Nilimfundisha darasa la tatu.

Sikuwa na sauti ya kuwanyamazisha watu wote wale. Nikafungua daftari juu ya paja la mlinzi mmoja, nikawasha tochi, nikauliza: "Mtungi huu wa nani?" Mwenyewe akajitokeza, baba mmoja wa nyumba ya nne. Nikaandika jina lake, rangi ya mtungi, ulikuwa umewekwa wapi. Kisha nikamgeukia aliyekuwa mbele kabisa na jiwe mkononi. "Wewe ndugu yangu umeona nini? Nipe jina lako nikuandike shahidi. Unakaa nyumba gani?" Akasita. Akasema yeye amefika tu sasa hivi. Nikamuuliza wa pili, nikamuuliza wa tatu. Mwenye tairi nilimuuliza jina lake na tairi amelitoa kwa nani. Sikuwatisha, niliuliza kwa sauti ileile ninayoitia mahudhurio darasani. Watu wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, kila anayeulizwa jina akikumbuka kwamba amewaacha watoto peke yao. Haikuchukua muda mrefu tukabaki sisi, mwenye mtungi, na majirani wachache walioweza kusema wao ni nani.

Magazeti yetu yana sentensi moja ya matukio haya: mtuhumiwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Habari huishia hapo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyataja mauaji haya katika ripoti zake za kila mwaka, na mara chache sana mtu husimamishwa kizimbani kwa ajili yake, kwa sababu wananchi wenye hasira kali hawana jina wala anwani. Ni wale wale "watu" wa baba yangu. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inayomruhusu raia kumkamata mtu akitenda kosa ndiyo hiyo inayomtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Uwezo wa kukamata na wajibu wa kukabidhi vimeandikwa kwa wino mmoja.

Tulimkabidhi kabla ya alfajiri, na askari wa zamu akatia saini daftarini. Siku chache baadaye kijana akaonekana mtaani. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, ngumu kuliko usiku wenyewe. Watu walinijia darasani, sokoni, hata msibani: "Mwalimu, si unaona? Polisi wamemwachia. Bora tungemaliza wenyewe." Nilieleza mpaka sauti ikakauka kwamba dhamana ni haki, na kwamba kuachiwa kwa dhamana si kuachiwa kwa kesi. Sitadanganya kwamba rushwa haipo vituoni, watu wanaijua kwa sababu wameitoa. Lakini kesi ya mtungi haikuuawa na rushwa. Mwenye mtungi, akiisha kurudishiwa mali yake, alikataa kwenda mahakamani kutoa ushahidi. Ni kibarua, na siku moja ya kukaa kwenye benchi la mahakama ni siku moja ya kulala njaa. Tarehe zikapangwa, shahidi haonekani, kesi ikafutwa. Tangu hapo kamati ikatenga sehemu ya mchango kwa nauli na chakula cha mashahidi, na mwanakamati mmoja huongozana nao. Sioni kama kuna matumizi mengine ya fedha zetu yaliyotuliza hasira za watu kuliko hayo, maana mtu aliyewahi kuona hukumu ikisomwa hatafuti tena tairi.

Mama wa yule kijana anauza maandazi kwenye kona ya msikiti. Kwa muda mrefu alikuwa akininyima macho. Sikumlaumu, kwani mtoto wake alikuwa ameandikwa na mkono wangu. Siku moja nilipokwenda kununua alinifungia maandazi, akakataa kupokea fedha, akasema, "Mwalimu, wangekuwa wameshamzika." Kijana mwenyewe alihamia Mbagala kwa mjomba wake. Anaendeleaje huko, sijui vizuri.

Daftari limewabana na walinzi pia, na hili ndilo wengi hawakulitarajia. Mwezi wa tatu tulipata malalamiko kwamba kuna walinzi wanawasimamisha wapenzi wanaotoka matembezini na kuwataka fedha ya soda, na kwamba mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe, akirudi zamu ya usiku, alichapwa fimbo kwa kukosa kitambulisho. Tulifungua ukurasa wa usiku ule. Majina yalikuwepo. Mfanyakazi aliitwa, akamtambua aliyemchapa, na kijana huyo akaondolewa kwenye doria mbele ya mkutano, ingawa baba yake ni mtu mzito pale mtaani na alikuja nyumbani kwangu na ndugu zake wawili kuniomba nilifumbie macho. Nilimwambia, "Shikamoo baba, lakini jina limeandikwa." Bila uamuzi ule lindo letu lingekuwa genge jingine la kuogopwa, lenye filimbi.

Kuna jambo moja daftari haliwezi. Msimu wa masika uliopita kijana wetu wa doria, mwendesha bodaboda wa mchana, alikatwa panga mkononi akiwafukuza wavunja duka. Mshipa ulikatika. Tulimfunga kanga, tukapita kituoni kuchukua fomu ya polisi ya PF3, tukamfikisha hospitali. Akapona, lakini vidole viwili havikunji, na mtu asiyeweza kubana breki hawezi kurudi kwenye pikipiki. Gharama za matibabu tuliziokoteza kwa kupitisha bakuli, msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Hakuwa askari, kwa hiyo hana fidia. Hakuwa mwajiriwa wa mtu, kwa hiyo hana mfuko unaomtambua. Tangu 2006, Jeshi la Polisi lilipoanza kuhubiri polisi jamii chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, tumeambiwa kila mwaka kwamba ulinzi ni jukumu la kila raia. Nakubali kwa moyo wangu wote. Lakini raia huyu ametoa mkono wake, na anayemwita usiku kulinda mali ya umma na ya watu binafsi hawezi kumwambia asubuhi kwamba alijitolea.

Mkutano wetu wa mwisho uliamua kupeleka maombi mawili kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: kila mlinzi aliyesajiliwa akatiwe bima ya afya kwa mapato ya halmashauri, na anayeumia akiwa zamu alipwe kifuta jasho kwa kiwango kinachojulikana, badala ya huruma ya bakuli. Niliandika muhtasari, mwenyekiti akagonga muhuri, na nakala nikaipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kata na kumwomba anisainie kwamba ameipokea. Kijana ameniomba siku ya kikao aende yeye mwenyewe kuisoma, ili wajumbe wauone mkono. Nimemwambia tutakwenda wote, na Mzee wa Reli atakuja.